Amplifaya kubwa za miaka ya 1970: Phase Linear, Crown, McIntosh au Pioneer?

Transista za mwisho zikipiga shoti ndani ya Phase Linear 700, volti zipatazo 100 za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) zinaingia moja kwa moja kwenye spika. Ugonjwa huohuo ukiipata McIntosh MC2300, koili ya spika inapona. Mashine hizi ni za rika moja, kila moja inatoa wati 300 au zaidi kwa chaneli, na zote bado zinatafutwa. McIntosh inauzwa ghali zaidi kwa mbali, na ukishajua jambo hilo moja, sehemu kubwa ya tofauti ya bei inaeleweka.

Kwa hiyo hatuanzi na swali la ipi inapiga vizuri zaidi. Baada ya miaka 50, sauti ya amplifaya inategemea hali ya kapasita zake na mkono wa fundi wa mwisho aliyeifungua, kuliko jina lililoandikwa usoni. Anayenunua ajiulize mambo matatu: siku ikiharibika hasara itaishia wapi, ilitengenezwa kwa umeme wa nchi gani, na spea zake zinapatikana au itabidi kubuni?

Wati za kweli

Mwaka 1974 Federal Trade Commission ya Marekani iliweka kanuni ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani. Wati zipimwe mfululizo, chaneli zote mbili zikifanya kazi pamoja, na mzigo wa spika, masafa na kiwango cha upotoshaji vitajwe. Kabla ya kupimwa, mashine ilitakiwa ipige saa nzima kwa theluthi moja ya nguvu yake. Theluthi moja inasikika kama upole, lakini kwa saketi za aina hii ni karibu na pale zinapochemka kuliko popote. Ndiyo maana mashine za baada ya mwaka huo zina hitisinki kubwa, yale mapezi ya alumini, na transfoma inayohitaji watu wawili kuinyanyua.

Wati 160 za risiva (redio na amplifaya ndani ya sanduku moja) ya 1976 hazifanani kabisa na "PMPO 5,000" iliyobandikwa kwenye sabufa ya dukani. Geuza sabufa hiyo usome kibao cha nyuma: ikiwa inavuta wati 60 ukutani, haiwezi kutoa zaidi ya hapo mbele, labda kwa kufumba na kufumbua.

Ila usinunue wati usizozihitaji. Kutoka wati 100 kwenda 200 unaongeza desibeli 3 tu. Spika yenye unyeti wa desibeli 92 badala ya 89 inakupa ongezeko lilelile bila kugusa amplifaya.

| | Phase Linear 700 | Crown DC-300A | McIntosh MC2300 | Pioneer SX-1250 |
|---|---|---|---|---|
| Nguvu, omu 8 | wati 350 × 2 | wati 150 hivi × 2 | wati 300 × 2 | wati 160 × 2 |
| Uzito | kilo 20 hivi | kilo 20 hivi | kilo 58 | karibu kilo 30 |
| Kinga ya spika dhidi ya DC | hakuna | hakuna | otofoma (imeelezwa chini) | rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) |
| Ni nini hasa (pawa: hatua inayosukuma spika; priamu: hatua inayoitangulia) | pawa tu | pawa tu | pawa tu | redio, priamu na pawa |

Phase Linear 400 na 700: wati nyingi kwa pesa kidogo

Bob Carver alizileta sokoni kutoka jimbo la Washington mwanzoni mwa miaka ya 1970: 700 yenye wati 350, kisha 400 yenye wati 200. Kwa bei ya wakati ule hapakuwa na kitu cha kuzikaribia. Mafundi wa Marekani walizipachika jina la utani, Flame Linear, na hawakuwa wanatania sana.

Saketi ya 700 inatumia volti 100 chanya na 100 hasi. Transista za mwisho zote ni za aina ya NPN, juu na chini, kwa sababu zile za aina pacha, PNP, za volti kubwa zilikuwa adimu siku zile. Transista moja inaweza kujikuta imebeba volti 200 peke yake, na hapo ndipo mashine nyingi zilipouawa, si kiwandani bali mezani kwa fundi. Kila fundi ana 2N3055 kwenye droo, ambayo mwisho wake ni volti 60. Mwingine atakuwekea 2N3773 au MJ15003, nzuri sana mahali pake, lakini mwisho wake ni volti 140. Kwenye 700 zitapiga vizuri kwa sauti ya chini, kisha siku ya sherehe zitaondoka zote kwa mpigo. Kwenye 400 pia hazitoshi, maana jumla ya volti inafika 150 hadi 160. Zinazotakiwa ni za volti 250: MJ15024, MJ21194 au MJ21196.

Ukibadilisha, badilisha chaneli nzima. Transista zimepangwa sambamba zigawane mkondo, na mpya moja katikati ya kuukuu haigawani sawa na wenzake. Pima rizista za emita (mguu wa transista unaotoa mkondo) moja moja, na transista ndogo zinazosukuma zile kubwa, kwani kubwa ikifa mara nyingi inaondoka na msukumaji wake.

Turudi kwenye spika. Spika ya omu 8 ina koili ya omu 6 hivi ukiipima kwa mita. Volti 100 za DC juu ya omu 6 ni zaidi ya ampea 16, yaani wati 1,600. Hiyo ni pasi ya nguo iliyowashwa ndani ya waya mwembamba kama uzi. Koni inaruka mbele, inabaki hukohuko, kisha moshi.

700 na 400 za mwanzo hazina rilei ya kukata spika. Wengi hununua bodi ya kinga ya bei ndogo na kuifunga, na hapo kuna mtego. Soma ubavuni mwa rilei: utakuta "10A 30VDC". Ikijaribu kukata volti 100 za DC zenye ampea 16, cheche inaruka kati ya midomo yake na haizimiki, midomo inayeyuka na kugandana. Una kinga kwa jina tu. Dawa ni kuchagua rilei yenye miguu mitatu kwa kila chaneli na kuifunga hivi: amplifaya kwenye mguu wa kawaida-wazi (NO), spika kwenye mguu wa katikati, na mguu wa kawaida-fungwa (NC) upelekwe ardhini. Rilei ikiachia, spika inaunganishwa na ardhi, na cheche ikiruka inakwenda ardhini badala ya kwenye koili. Juu ya hapo weka fyuzi ya kasi ya ampea 4 au 5 kwenye waya wa kila spika.

Phase Linear inamfaa fundi, au mtu mwenye fundi anayemwamini. Asiye na mmoja wala mwingine aiache.

Crown DC-300A: farasi wa studio

DC-300 ya kwanza ilitoka Elkhart, Indiana, mwaka 1967, na DC-300A ikafuata. Herufi DC si pambo. Kuanzia jeki ya kuingilia hadi spika hakuna kapasita hata moja njiani, na kile kinachoingia, hata DC, kinatoka kimekuzwa mara 20. Kwa maabara hiyo ilikuwa sifa. Kwa sebule ni kitu cha kuchunga: priamu ya kizamani inayovujisha milivolti 50 tu itakupa volti 1 nzima kwenye spika, nawe utadhani Crown ndiyo mbovu. Kabla ya kumlaumu mtu, chomoa nyaya za kuingilia na upime tena.

Tiba yake ni nafuu. Kapasita ya filamu ya mikrofaradi 2.2 iliyounganishwa mfululizo kwenye waya wa kuingilia inazuia DC. Mlango wa Crown una omu 25,000, kwa hiyo kapasita hiyo inakata chini ya hezi 3, besi yako haiguswi.

Umbo lake ni la kikazi: jeki kubwa za inchi robo mlangoni, vitufe viwili vya sauti mbele, basi. Imekaa rafu za studio na kumbi, kwa hiyo kagua zaidi ndani kuliko nje: vumbi lililoganda kwenye hitisinki, skrubu zilizochubuka vichwa, waya zilizoungwa kwa haraka usiku wa shoo. Ina kikomo cha mkondo kinachozilinda transista, na ukiipa mzigo mgumu, mathalani spika nne sambamba, kikomo hicho kinajitangaza kwa sauti ya kukwaruza kabla hakijatokea kibaya. Sauti ile ni onyo, usiivumilie. Kasoro moja ya spea: IC (saketi nzima ndani ya chipu moja) ya uA739 iliyo mlangoni kwenye matoleo ya mwanzo haitengenezwi tena, zilizopo ni za mabaki ya stoo.

Kwa jozi ya pesa na utulivu, hii ndiyo tungempa mtu anayetaka pawa tu na hajali taa za usoni.

McIntosh: unalipia chuma na kioo

MC2300 ina kilo 58. Bendi ya Grateful Dead ilipojenga mtambo wake wa Wall of Sound mwaka 1974, ilitumia MC2300 arobaini na nane. Ndugu zake wadogo ni MC2105 ya wati 105, ambayo ilitengenezwa kuanzia 1967 hadi 1977, na MC2205 ya wati 200.

Siri iko kwenye otofoma, transfoma ya koili moja inayokaa kati ya transista na spika. Kazi yake ya kwanza ni kulinganisha mzigo: ukifunga spika ya omu 4 kwenye kishikio cha omu 4, au ya omu 8 kwenye cha omu 8, unapata wati zilezile. Kazi ya pili ndiyo ile ya kuokoa spika. DC inaiona koili ile kama kipande cha waya kinachoshuka ardhini, hivyo inapita huko na fyuzi inakatika.

Lakini kinga hiyohiyo inamdanganya mnunuzi. Kila mtu siku hizi anajua kipimo cha DC kwenye vishikio vya spika: weka mita kwenye milivolti, chini ya 50 ni salama. Ukikifanya kwenye McIntosh utapata karibu sifuri hata kama chaneli inaumwa, kwa sababu otofoma imeshaimeza. Muuzaji atakuonyesha mita kwa furaha, wala si lazima awe mwongo. Unachotakiwa kupima ni volti ndogo juu ya rizista za emita za kila chaneli, kisha ulinganishe kushoto na kulia. Kama huruhusiwi kufungua, iache ikae nusu saa bila kupiga kitu, halafu weka kiganja kwenye kila hitisinki. Moja ikiwa ya moto na nyingine vuguvugu, kuna jambo.

Kioo nacho ni mali. Maandishi yamepakwa nyuma ya kioo, na yakibanduka hayarudishiki kwa brashi. Mwanga wa kijani na buluu usipowaka, mara nyingi ni taa tu. Kioo kilichopasuka au kubanduka rangi kipunguze bei kwa gharama ya kioo kipya pamoja na nauli yake, na ujue nauli ya kioo si mchezo.

Pioneer SX-1250: yote ndani ya sanduku moja

Mwaka 1976 Pioneer walitoa SX-1250, wati 160 kwa chaneli, na miaka miwili baadaye SX-1980 ya wati 270. Technics wakajibu kwa SA-1000 ya wati 330. Ndani ya SX-1250 kuna transfoma ya duara na kapasita nne za mikrofaradi 22,000, mtu akifungua kifuniko mara ya kwanza hunyamaza kidogo.

Kinga yake ni rilei. Ukiwasha, hesabu: baada ya sekunde chache lazima usikie "tak". Isiposikika kabisa na muziki hakuna, kuna DC au hitilafu na kinga inafanya kazi yake. Isiposikika na muziki *unapiga* tangu sekunde ya kwanza, kimbia: mtu ameiruka rilei kwa waya ili mashine mbovu iuzike. Chaneli moja ikiwa dhaifu kisha ikazinduka ukipandisha sauti, hiyo ni midomo ya rilei iliyoingia kutu. Usiisugue kwa msasa, nunua rilei mpya.

Tatizo la risiva ni wingi wa vitu. Phase Linear ina bodi chache na unaweza kuimaliza jioni moja. SX-1250 ina redio, toni, fono (mlango wa santuri), pawa saplai yenye viwango kadhaa vya volti, na swichi tele. Transista ndogo za 2SA726 huanza kupiga kelele kama mafuta ya kukaangia, na badala yake huwekwa KSA992, miguu imepangwa sawa. Bodi ya pawa saplai hujipika kwa joto lake. Pia angalia gundi: mashine za Kijapani za miaka hiyo zilibandikwa kapasita kwa gundi ya njano, nayo ikizeeka inakuwa ya kahawia, inapitisha umeme na kula miguu ya vipuri. Ikwangue yote, hata pale mashine inapofanya kazi.

Kitu kidogo ambacho wauzaji hawakitaji: FM ya Marekani inarekebishwa treble kwa maikrosekunde 75, ya Afrika Mashariki na Ulaya kwa 50. Risiva ya soko la Marekani ikipokea redio ya Dar es Salaam au Mombasa itasikika imefifia kidogo juu. Si ugonjwa.

Mwenye kuishi Uingereza au anayeagiza kutoka huko atazame pia Quad 405 ya 1975, wati 100, kazi ya Peter Walker na Michael Albinson. Nguvu ni ndogo kuliko hizi nne, lakini ni nyepesi na imezaliwa kwenye volti 240, na hilo linatupeleka kwenye umeme.

Umeme wa kwenu na umeme wa kwake

Soma kibao cha nyuma kabla ya kusoma bei. Aina ni tatu. Ya kimataifa ina swichi ya kuchagua 110, 120, 220 au 240. Hiyo ni dhahabu kwa Tanzania, Kenya na Uganda. Ya Marekani imeandikwa 120V 60Hz. Ya Japani yenyewe imeandikwa 100V, na hii ndiyo huua wengi: mtu anaichomeka kwenye transfoma ya "110" inayotoa 115 hadi 120, volti za ndani zinapanda kwa asilimia 15 hadi 20, kapasita na transista zinapita kikomo chao. Ya 100V inataka transfoma ya 100V.

Iliyoandikwa 60Hz pekee ina tatizo jingine. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwa volti zilezile chuma cha transfoma kinabeba sumaku zaidi kwa asilimia 20. Ikiwa kilikuwa pembeni ya kikomo tayari, itavuma na kupata moto hata bila kupiga muziki. Iliyoandikwa 50/60Hz, au 50–400Hz, haina shaka hiyo.

Transfoma ya kushushia umeme, stepdauni kwa lugha ya dukani, ipimwe hivi: SX-1250 na DC-300A ipe walau VA (volti mara ampea) 1,000, Phase Linear 700 na MC2300 ipe 2,000. Usiamini stika. Transfoma ya kweli ya VA 2,000 inakuchosha mkono, na ile unayoibeba kwa vidole viwili siyo. Kumbuka pia kwamba stepdauni haijui kutuliza. Umeme wa mtaani ukipanda hadi 260, inayogawa kwa mbili itatoa 130, na volti 100 za Phase Linear zinakuwa 108. Mahali ambapo umeme unacheza, stabilaiza ikae mbele ya stepdauni.

Kukagua kabla ya kutoa pesa

Muuzaji akikuambia "haijawashwa miaka 20, njoo tuijaribu", mzuie. Vaa viatu, njoo na mita na globu ya zamani ya wati 100, ile ya waya wa kung'aa. Ya LED haifai kabisa.

Mashine ikiwa imechomolewa, gusa mita kwenye omu kati ya kofia ya kila transista kubwa na mguu wake wa emita. Chini ya omu 1 ni shoti. Kisha unganisha globu mfululizo kwenye waya wa moto wa umeme, bila spika, na uwashe. Globu ikiwaka kwa nguvu kisha ikafifia ndani ya sekunde moja au mbili, kapasita zimejaa na mambo yako sawa. Ikibaki inang'aa, kuna shoti ndani, na globu imeokoa mashine na fyuzi ya nyumba. Ukiridhika, ondoa globu, pima DC kwenye vishikio: chini ya milivolti 50 vizuri, zaidi ya 100 inahitaji kazi, volti nzima usifunge spika. Rudia kipimo baada ya dakika 30, maana zipo zinazoanza vizuri na kuteleza zikipata joto. Spika ya kwanza kufungwa iwe ya bei ya kutupa. Mvumo mzito usiobadilika ukigusa kitufe cha sauti ni wa kapasita kubwa za pawa saplai.

Ukiingiza mkono ndani, kapasita zitolewe umeme kwanza. Rizista ya omu 220 ya wati 10, ishike kwa koleo lenye plastiki, kwenye kapasita ya mikrofaradi 22,000 iache nusu dakika, kisha hakikisha kwa mita. Wanaotumia bisibisi wanachoma miguu ya kapasita, na mara nyingine macho yao.

Spea nazo zina wajanja wake. MJ15024 bandia zimejaa, na Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli Avenue ya Nairobi hazijapona, hata mtandaoni ni hivyohivyo. Nunua moja zaidi ya unazohitaji na uikate kofia kwa msumeno wa chuma. Kipande cha silikoni cha ile ya kweli ni kipana, karibu upana wa kucha ya kidole kidogo. Ukikuta kimepungua kama punje ya mtama, rudisha zote.

Ukiwa ndiye muuzaji

Phase Linear ambayo haijafanyiwa kazi huuzwa bei ya chini, kwa sababu wanunuzi wanajua watakachokikuta. Kubadilisha transista na kuongeza kinga ya spika kunarudisha pesa zake. McIntosh ni kinyume: hata iliyokufa ina mnunuzi, na ukarabati wa haraka kwa spea za ovyo unaishusha thamani. Iache ilivyo, piga picha za ndani, mwachie mwenye nayo mpya aamue. Crown hailipi urembo wowote. Pioneer inalipa usafi wa uso, mbao na taa zote zikiwaka.

Picha ambazo mnunuzi makini anazitaka ni kibao cha volti, ndani kutoka juu, transista zikisomeka namba, na mita ikiwa kwenye vishikio. Vipuri vya zamani ulivyotoa viweke kwenye mfuko, umpe. Bei isemwe pamoja na volti, maana mtu wa Dubai anayeitaka kupeleka Mwanza atahesabu stepdauni, nauli kwa kilo, na ushuru unaotozwa juu ya thamani pamoja na nauli hiyo. Kwa ndege, kilo 58 za MC2300 zinaweza kumeza faida yote. Kwa meli, ndani ya kontena la wengine, ndipo biashara inaposimama.

Kufunga: uzito wote uko upande wa transfoma, na ikidondoshwa, transfoma inang'oa bati la chini na kupinda uso. Mashine ikae juu ya ubao wa mbao, ifungwe kwa skrubu kupitia matundu ya miguu yake, boksi ndani ya boksi, na sponji ngumu ya sentimita 5 pande zote. Sponji laini ya godoro haisaidii, kilo 30 zinaibonyeza hadi chini kabla gari halijatoka getini.